Muğla: pwani ambayo hakuna kilichotulia mahali pake

Ukifika Bodrum na kusimama chini ya ukuta wa ngome, usikimbilie kupanda juu kupiga picha ya bahari. Tazama mawe kwanza. Katikati ya mawe ya kawaida ya ujenzi utaona matofali makubwa ya jiwe la kijani kilichofifia, yamechongwa kwa unyoofu ambao fundi wa ngome hakuuhitaji. Hapa na pale kuna kipande cha nguzo ya marumaru kilichopachikwa ukutani kama gogo. Hakuna fundi anayehangaika kuchonga nguzo ya duara ili aifukie ndani ya ukuta. Mawe hayo yalichongwa kwa kazi nyingine, na siku yalipopachikwa hapo yalikuwa na umri wa zaidi ya miaka 1,700.

Bodrum ni mji mmoja tu wa mkoa wa Muğla, kusini-magharibi mwa Uturuki, kwenye kona ambapo Bahari ya Aegean inakutana na Mediterania. Pwani ya mkoa huo imejikunja na kujikunjua, rasi baada ya rasi, ghuba ndani ya ghuba, hata ukiinyoosha inapita kilomita 1,000. Hakuna mkoa wa Uturuki wenye pwani ndefu kuliko hiyo. Matangazo ya utalii huumwaga mkoa mzima mezani kwa mkupuo: Marmaris, Fethiye, Ölüdeniz, Datça, makaburi ya mwambani, ngome ya Wakristo, kijiji cha Wagiriki kisicho na watu, kasa, asali, mchanga wa Kleopatra. Msomaji anabaki ameshika ncha kumi za uzi na hajui avute ipi.

Mimi huanza na swali moja. Badala ya kuuliza "hiki ni nini?", uliza "hiki kimetoka wapi, na nani alikileta?" Muğla ni pwani ambayo karibu kila kitu kimehamishwa: mawe, mji mkuu, sanamu, watu, hata bahari yenyewe.

Kaburi lililogeuka ngome

Zamani nchi hii iliitwa Karia, na upande wake wa mashariki, kuanzia Fethiye ya leo, ulikuwa Likia. Wakaria hawakuwa Wagiriki, ingawa waliishi nao mlango kwa mlango, wakaoana nao na kuazimana miungu. Katika karne ya 4 KK walikuwa chini ya mfalme wa Uajemi, na aliyewatawala kwa niaba yake alikuwa Mausolus. Kwa msomaji wa Kiswahili cheo chake hakihitaji maelezo marefu: alikuwa liwali. Na kama maliwali wengi waliokaa mbali na sultani wao, alipeleka kodi kwa bwana mkubwa huku yeye mwenyewe akiishi kifalme.

Mausolus alitawala kuanzia mwaka 377 hadi 353 KK. Makao ya baba yake yalikuwa Mylasa, yaani Milas ya leo, mji wa bara. Yeye akayahamishia Halicarnassus, yaani Bodrum, kwa sababu alitaka bandari na merikebu za vita. Alipofariki, Artemisia, aliyekuwa dada yake na pia mke wake kwa desturi ya ukoo ule, alisimamia ujenzi wa kaburi ambalo watu walikuwa hawajaona mfano wake. Plinio, mwandishi wa Kirumi, analieleza hivi: nguzo 36 kuzunguka pande zote, juu yake piramidi ya ngazi 24, na kileleni gari la farasi wanne. Kimo chake kilikaribia mita 45. Wachongaji mashuhuri wa Ugiriki waligawiwa pande za kuchora, kila mmoja wake. Kaburi likaingizwa katika maajabu saba ya dunia, na jina la marehemu likageuka kuwa jina la kila kaburi la fahari: mausoleum. Hata kaburi la Mzee Jomo Kenyatta, kwenye viwanja vya Bunge jijini Nairobi, kwa Kiingereza huitwa kwa jina la liwali huyu wa Karia, ingawa walinzi wanaosimama pale huenda hawajawahi kumsikia.

Matetemeko ya ardhi ndiyo yaliyoliangusha, si vita. Kufikia karne ya 15 lilikuwa kilima cha mawe, na hapo ndipo walipofika askari-watawa wa Mtakatifu Yohana, waliokuwa na makao yao kisiwani Rhodes. Majeshi ya Timur, mtawala wa Asia ya Kati, yalikuwa yamewafukuza Izmir mwaka 1402. Wakahitaji ngome mpya bara, na jirani na kiwanja chao kulikuwa na mawe yaliyokwisha kuchongwa, ya bure.

Kisa cha mwisho wa kaburi hilo kiliandikwa na Mfaransa Claude Guichard mwaka 1581. Mwaka 1522, askari hao wakiharakisha kuimarisha ngome kwa hofu ya Sultani Suleiman, walichimba wakitafuta mawe zaidi ya kuchomea chokaa. Wakafukua ngazi zinazoshuka chini, kisha ukumbi wenye nguzo na michoro ya vita ukutani. Waliitazama, wakaisifu, kisha wakaivunja. Nyuma ya mlango mdogo wakakuta jeneza la marumaru. Jua lilikuwa linazama, wakaamua kulifungua kesho yake. Walipolirudia asubuhi lilikuwa limekwisha kufunguliwa, na chini vimetapakaa vipande vya nguo ya dhahabu na visahani vidogo vya dhahabu.

Kilichobaki kikaingia tanuuni. Watu wa pwani yetu wanaijua kazi hiyo: matumbawe yanachomwa mpaka yanakuwa unga mweupe, unga unashika nyumba. Bodrum walichoma simba na miungu ya marumaru. Vipande walivyoviona vizuri mno kuchomwa walivipachika ukutani kama pambo, na vikakaa huko hadi balozi wa Uingereza alipopata ruhusa ya Sultani kuving'oa mwaka 1846. Miaka kumi baadaye akaja mwanaakiolojia Mwingereza Charles Newton akachimba kiwanja chenyewe, akapata sanamu kubwa na vipande vya farasi wa kileleni. Vyote viko London.

Kwa hiyo anayelipa kiingilio leo kwenye kiwanja cha kaburi, akitarajia ajabu la dunia, anakuta shimo lenye msingi na vipande vya nguzo vilivyolala kwenye majani. Wengi hutoka wakinung'unika. Nadhani kosa ni la mpangilio wa ziara: shimo lilipaswa kuonwa baada ya ngome, kwa sababu kaburi halijatoweka, limehamia ng'ambo ya bandari na kugeuka ukuta. Nusu nyingine iko Uingereza. Bodrum husimuliwa kwamba Cevat Şakir Kabaağaçlı, mwandishi aliyepelekwa uhamishoni mjini humo mwaka 1925 akaupenda mpaka akajiita Mvuvi wa Halikarnas, aliwaandikia wenye makumbusho London kwamba sanamu hizi zilichongwa zitazamwe chini ya mbingu ya bluu. Wakamjibu kumshukuru kwa wazo zuri: ukuta nyuma ya sanamu wameupaka rangi ya bluu.

Hadithi ya simba wa Knidos ni ya aina hiyo hiyo. Knidos ulikuwa mji kwenye ncha kabisa ya rasi ya Datça, maarufu kwa sanamu ya mungu wa kike Aphrodite, kazi ya mchongaji Praxiteles. Newton aliutembelea pia, akaondoka na simba wa marumaru mwenye uzito wa tani kadhaa, ambaye sasa amelala chini ya paa la kioo London, macho yake ni matundu matupu. Lakini kisa cha Knidos ninachokipenda zaidi ni cha mwanahistoria Herodotus, mzaliwa wa Halicarnassus mwenyewe. Waajemi walipokuwa wanakuja, Waknidos waliamua kuchimba mfereji kwenye shingo nyembamba ya rasi ili nchi yao iwe kisiwa. Vipande vya mwamba vikawa vinawarukia na kuwaumiza, hasa machoni, kupita kiasi. Wakatuma watu kuuliza Delphi, kwenye hekalu la uaguzi, wakajibiwa waache: Zeus angetaka iwe kisiwa, angeifanya kisiwa. Wakaweka chini sururu, Waajemi walipofika wakajisalimisha. Rasi bado imeungana na bara.

Mpingo chini ya bahari

Ndani ya ngome ileile kuna Makumbusho ya Akiolojia ya Chini ya Maji, na chanzo chake ni wapiga mbizi wa sponji. Bodrum ya zamani haikuwa mji wa hoteli. Ilikuwa mji wa wanaume waliozama kutafuta sponji za baharini, kazi iliyoua na kulemaza wengi kwa kupanda juu haraka kutoka kina kirefu. Hao ndio walioijua sakafu ya bahari kama mkulima anavyolijua shamba lake, na walikuwa wakiona mitungi ya kale huko chini tangu zamani. Wageni walipokuja kuwauliza, badala ya kuwaambia, ndipo elimu ya meli zilizozama ilipoanza. Mwaka 1960 timu ya George Bass ilichimba meli ya Rasi ya Gelidonya, mkoa jirani wa Antalya, na tangu hapo wanaakiolojia wakawa wanazama wenyewe badala ya kusubiri juu ya mashua waletewe vitu.

Mwaka 1982 mpiga mbizi mmoja wa sponji alimweleza nahodha wake kwamba ameona chini, karibu na Uluburun, rasi ya mkoa huohuo wa Antalya, "biskuti za chuma zenye masikio". Nahodha alikuwa amewahi kuoneshwa michoro na watu wa makumbusho, akajua ni nini: vipande vya shaba nyekundu vya Enzi ya Shaba, vilivyosubuliwa na pembe nne ili vibebeke. Uchimbaji ulianza 1984 ukaisha 1994, kwa kuzama zaidi ya mara 22,000 kwenye kina kilichozidi mita 40. Meli ilizama mwishoni mwa karne ya 14 KK. Ilibeba tani kama 10 za shaba na tani moja ya bati, uwiano ambao mhunzi angeuchanganya apate shaba ngumu ya silaha. Kulikuwa na vioo vya bluu, meno ya kiboko, pembe za ndovu, maganda ya mayai ya mbuni, utomvu wa manukato ndani ya mitungi, na kito cha dhahabu chenye jina la Nefertiti, malkia wa Misri.

Na kulikuwa na magogo meusi. Wataalamu walipoyapima walikuta ni Dalbergia melanoxylon. Kwa Kiswahili: mpingo. Mti uleule ambao Wamakonde huuchonga na ambao mafundi wa Ulaya huugeuza zumari. Mpingo huota sehemu nyingi za Afrika, kuanzia Senegali hadi kusini kabisa, na huu wa melini huenda ulishuka na njia za Mto Naili, si kwamba ulipakiwa Kilwa. Hata hivyo, mtu wa Lindi akisimama mbele ya vitu vya Uluburun anatazama zao la kwao lililokuwa safarini miaka 3,300 iliyopita.

Shehena hiyo nayo haikuzama Muğla. Ilihamishiwa Bodrum kwa sababu ndiko kuliko na makumbusho na mafundi wa kuhifadhi vitu vilivyolowa maji ya chumvi kwa karne nyingi. Meli iliyozama ndani ya Muğla hasa ni ile ya Serçe Limanı, jirani na Marmaris, ya karne ya 11. Ilibeba tani kama tatu za kioo, na theluthi yake hivi ilikuwa vyombo vya kioo vilivyovunjika, vikipelekwa kuyeyushwa upya. Watafiti walitumia miaka wakiunganisha vipande vya takataka za watu wa kale. Ni kazi ya subira ya ajabu, na kwangu rafu zile za vikombe vilivyogandishwa upya zinazishinda dhahabu.

Mji ulioachwa na bahari

Twende Dalyan, mashariki zaidi. Mto, au tuseme mfereji wa asili, unatoka Ziwa Köyceğiz na kujizungusha kwenye mabwawa ya matete kama nyoka mvivu mpaka baharini. Juu ya kingo, kwenye genge, yamechongwa makaburi yenye sura ya mahekalu, ya karne ya 4 KK. Kubwa kuliko yote halikumalizika: juu kuna paa limekamilika, chini nguzo hazijatenganishwa na mwamba. Kwa kuliangalia tu unajua mafundi walianzia juu wakishuka, na siku moja mwenye pesa akafa au akafilisika, wakakunja kamba zao.

Makaburi hayo ni ya watu wa Kaunos, mji wa bandari uliosafirisha chumvi na samaki wa chumvi. Leo ukikaa kwenye viti vya uwanja wake wa michezo ya kuigiza, bahari iko mbali, kilomita kadhaa za matete. Mto ulileta tope mwaka baada ya mwaka, ukaziba bandari. Bandari ya ndani imebaki dimbwi linaloitwa Sülüklü Göl, Ziwa la Miruba. Kwenye ukuta wa nyumba ya chemchemi jirani na bandari hiyo kumechongwa kanuni za ushuru za enzi za Warumi, zenye nafuu kwa wafanyabiashara wa nje. Nazisoma kama barua ya mji ulioanza kuona wateja wanapungua.

Maji yaliyosimama yakaleta mbu, mbu wakaleta homa. Strabo, mwanajiografia wa kale, anasimulia kwamba Stratonicus, mpiga kinubi mwenye ulimi mkali, alipoona nyuso za wenyeji zimekuwa kijani alinukuu mstari wa Homer kuhusu binadamu kuwa kama majani ya miti. Wenyeji wakakasirika: unauita mji wetu mgonjwa? Akajibu, nitathubutuje kuuita mgonjwa mji ambao hata wafu wanatembea?

Kaunos ilitoa pia jambo lisilopendeza kwa picha ila kubwa kwa elimu. Kikaria kiliandikwa kwa herufi zinazofanana na za Kigiriki lakini zenye sauti nyingine kabisa, na kwa miaka mingi wasomi walizisoma kimakosa. Mwaka 1996 lilipatikana hapo jiwe lenye maandishi kwa Kikaria na Kigiriki pamoja, likathibitisha ufumbuzi mpya uliokuwa bado unabishaniwa. Upande wa Likia, jiwe la namna hiyo lilifukuliwa mwaka 1973 Letoon, lenye lugha tatu: Kilikia, Kigiriki na Kiaramu. Letoon na jirani yake Xanthos ziliingia kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 1988. Sehemu ya magofu ya Letoon imezama majini na imejaa vyura, jambo linalochekesha ukijua hadithi yake: mungu wa kike Leto alinyimwa maji na wakulima wa Likia, akawageuza vyura.

Turudi mtoni. Neno dalyan kwa Kituruki ni ule mtego wa samaki wa kuziba mkondo. Kwa watu wa Pemba na Lamu, uzio. Mji umeitwa Uzio, basi. Samaki wanaotegwa hasa ni mikizi, wanaokua ziwani kwenye maji ya chumvichumvi kisha hushuka baharini kutaga, na mvuvi anachofanya ni kuwasubiri njiani. Sisi husema hasira ya mkizi ni furaha ya mvuvi; kule hata hasira haihitajiki, safari inatosha.

Tope lilelile lililoua Kaunos ndilo lililosaidia kujenga İztuzu, ulimi wa mchanga wenye urefu wa kilomita nne na nusu hivi, kati ya mto na bahari. Hapo hutaga duvi. Duvi tunao baharini kwetu, ila wanaopanda fukwe za Tanzania na Kenya kutaga kwa kawaida ni kasa wa kawaida na ng'amba. Kumwona duvi akichimba shimo, İztuzu ni mahali pake. Jike hurudi pwani ya eneo alikozaliwa baada ya miaka 20 na zaidi, usiku, anataga mayai yapata 100, anafukia, anaondoka. Joto la mchanga ndilo linaloamua jinsia: kwenye nyuzi 29 hivi wanatoka nusu kwa nusu, mchanga ukizidi joto majike wanazidi. Watoto wakitoka hukimbilia kunakong'aa, yaani baharini usiku; taa ya hoteli ikiwaka nyuma yao, wanakimbilia kifo.

Hoteli ilikuwa karibu kujengwa. Mwaka 1987 mradi ulikuwa umeanza ufukweni. Bi June Haimoff, Mwingereza aliyekuwa akiishi kwenye kibanda hapohapo, aliyeitwa na wenyeji Kaptan June, aliungana na wanasayansi na wanamazingira wa Uturuki na wa nje kuupinga. Mradi ukasimamishwa, na mwaka 1988 eneo lote la Köyceğiz na Dalyan likatangazwa hifadhi maalumu. Msimu wa kutaga, ufukwe hufungwa kwa watu kuanzia saa 2 usiku hadi saa 2 asubuhi. Hapa mambo yamegeuka: mahali pengine watalii wanafukuza wanyama, İztuzu kasa ndio wenye nyumba na mtalii ana zamu yake ya mchana.

Mtoni kuna kobe mwingine, wa maji baridi, gamba lake laini kama ngozi, na pua iliyochongoka kama mrija. Ndugu zake wako Mto Naili, Kongo na Ziwa Turkana.

Watu waliobadilishwa

Kilomita chache kutoka Fethiye, kwenye mteremko wa mlima, kuna mamia ya nyumba za mawe zisizo na paa. Zimepangwa kwa ustaarabu, moja isiizibie nyingine jua. Wagiriki waliuita mji huo Livissi. Waturuki wanauita Kayaköy, kijiji cha mwambani. Mitini imeota jikoni, na mbuzi huingia makanisani.

Kinachowachanganya wageni ni kudhani kwamba wakazi walikimbia tu vita. Vita vilikuwapo, na wengi walikwisha kuondoka mwaka 1922. Ila kilichofunga mlango ni karatasi: mkataba uliosainiwa Lausanne tarehe 30 Januari 1923 kati ya Uturuki na Ugiriki, uliolazimisha kubadilishana watu. Wakristo wa Kiorthodoksi wapatao milioni 1.2 wakahesabiwa kuwa wa Ugiriki, na Waislamu zaidi ya 350,000 wakapelekwa Uturuki. Kigezo kilikuwa dini, si lugha. Mwislamu wa Krete aliyejua Kigiriki peke yake akaambiwa yeye ni Mturuki; Mkristo wa bara aliyesali kwa Kituruki akaambiwa kwao ni Ugiriki. Watu wa eneo la Livissi na Fethiye, ambayo zamani iliitwa Makri, walianzisha mji karibu na Athens wakauita Nea Makri, Makri Mpya. Waislamu walioletwa upande huu walikuwa wakulima waliozoea tambarare. Mteremko wa mawe haukuwafaa. Tetemeko la mwaka 1957 likamalizia kuta. Kijiji kikabaki hivyo.

Walioletwa kutoka Krete wengi walitulia Bodrum na miji mingine ya pwani, wakaja na mapishi yao ya mboga za porini na mafuta ya zeituni ambayo leo mtalii anauziwa kama chakula cha asili cha Aegean. Na ndani ya Waislamu hao wa Krete walikuwamo weusi. Mustafa Olpak, fundi marumaru wa Ayvalık, kaskazini zaidi ya Muğla, aliyefariki 2016, alifuatilia ukoo wake mpaka akafika Kenya: babu na bibi zake walichukuliwa utumwani, wakapelekwa Krete, na familia ikaingia Uturuki kwa meli za mabadilishano. Mwaka 2006 alianzisha chama cha Waafrika wa Uturuki. Wenzake wako hasa Izmir, Aydın na hapa Muğla, upande wa Dalaman na jirani zake. Wengi ni uzao wa watumwa wa dola ya Kiosmani, waliotoka Sudan, Ethiopia na pwani yetu. Hawazungumzi lugha yoyote ya Kiafrika, wanaswali na kucheza harusi kama majirani zao, na bado majirani hao huwaita kwa neno moja: Arap, yaani Mwarabu.

Dalaman yenyewe ina kioja chake. Kuna jengo la mwanzoni mwa karne ya 20 lenye sura kamili ya stesheni ya treni, na hakuna reli. Husimuliwa kwamba Abbas Hilmi, khedive (yaani mtawala) wa Misri aliyemiliki mashamba hapo, aliagiza jumba la mawindo Dalaman na stesheni Misri, na michoro ikachanganywa melini. Iwe kweli au utani wa wenyeji, uwanja wa ndege umejengwa jirani, kwa hiyo wageni kwa maelfu hushuka mahali penye stesheni iliyokosea njia.

Mchanga, makaa na asali

Uvumi wa vitu vilivyoletwa umefika hata kwenye mchanga. Kisiwa cha Sedir, kwenye Ghuba ya Gökova, kina ufuo mdogo ambao mchanga wake ni punje za duara, laini kama uwele. Watu husema Mark Antony aliuleta kwa meli kutoka Misri kumfurahisha Kleopatra. Ukizitazama kwa darubini, kila punje ni chokaa iliyojivika tabaka juu ya tabaka kuzunguka kiini kidogo, jambo linalotokea lenyewe kwenye maji ya joto yenye chokaa nyingi. Wasimamizi hawabishani na hadithi, wanachunga mchanga tu: taulo haziruhusiwi ufuoni, na ukitoka unaoga kabla ya kupanda boti usije ukaondoka na punje kwenye ngozi.

Kuna mambo mazito zaidi ya mchanga. Chini ya Milas na Yatağan kuna makaa ya mawe, na mitambo mitatu ya umeme inayoyala. Mashamba ya mizeituni na vijiji vimehama kupisha machimbo. Mwaka 2023, mwezi Julai, misonobari ya msitu wa Akbelen ilikatwa licha ya wanakijiji wa İkizköy kuulinda kwa zamu tangu 2021. Miaka miwili kabla ya ukataji huo, moto wa kiangazi cha 2021 ulikuwa umeteketeza milima ya Marmaris, Milas na Köyceğiz, mpaka ukafika kwenye mtambo mmoja wa umeme ulioko pwani.

Misonobari ikiungua, nyuki ndio wa kwanza kulia. Sehemu kubwa ya asali ya misonobari duniani hutoka Uturuki, na nyingi yake Muğla, na haitokani na maua. Mdudu mdogo mwenye utando mweupe kama pamba, Marchalina hellenica, hujibanza kwenye mianya ya gome, hufyonza utomvu na kutoa tone la maji matamu. Nyuki hulikusanya tone hilo. Asali yake ni nyeusi kidogo, haina utamu wa kuchoma koo, na haigandi haraka. Kwa kuwa maua yamekwisha kila mahali mwishoni mwa kiangazi, wafuga nyuki wa mikoa mingine hupakia mizinga kwenye malori na kuja nayo usiku, nyuki wakiwa wamelala, wakaipange chini ya misonobari ya Muğla. Mvua za vuli zikianza, wanaipakia tena na kuondoka. Kwenye chupa imeandikwa asali ya Muğla.